Gari Lililotazama Barabara

Harufu ya klachi iliyoungua haina ndugu. Si mpira, si nywele, si ugali uliosahaulika motoni, ingawa ina kidogo cha vyote hivyo. Mwezi uliopita nilikaa kwenye gereji ya fundi Kado, pale Igowole, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikaivuta harufu hiyo mpaka machozi yakanitoka. Nilisingizia moshi. Tulikuwa tumemzika baba siku tisa kabla, na pikapu yake ya buluu ilikuwa imefunguliwa tumbo mbele yangu. Fundi Kado, ambaye nilimwacha kijana na sasa ana mvi kichwa kizima, alikuwa anatoa kifaa kimoja kimoja na kukipanga juu ya gunia.

"Hii klachi plate ni ya sita, dada," alisema. "Wengine wanakaa na moja miaka na miaka. Marehemu mzee alikuwa anazila kama maandazi."

Kisha akanikabidhi kitu kizito chenye ukubwa wa chupa ya chai. "Shika hii. Unaijua?"

Niliijua. Ilikuwa stata, kile kidude kinachozungusha injini mtu anapogeuza ufunguo. Chuma chake kilikuwa safi, meno yake makali, hayajalika hata kidogo.

"Niliifunga mimi mwenyewe, wewe ukiwa na pengo la meno ya mbele," alisema fundi Kado. "Gari zima limechoka, hii bado bikira. Ni kama haijawahi kuguswa."

"Iliguswa," nilimwambia. "Najua mara moja aliyoigusa."

Alinitazama akingoja niendelee, lakini sikuendelea. Mambo mengine huwezi kumweleza mtu ambaye mikono yake imejaa grisi. Nawaeleza ninyi wenzangu, mliokulia huko kwenye baridi, mkachapwa kwa kuchezea matope na kupewa uji wa ulezi saa hiyo hiyo. Kwa miaka miwili ya utoto wangu niliamini kwamba baba yangu anajiandaa kuniacha. Ushahidi niliokuwa nao ni jinsi alivyoegesha gari.

Nyumba yetu ilikuwa imekaa kwenye kishimo, nyuma ya mgongo wa kilima. Ukitoka mlangoni ulipanda hatua kama hamsini mpaka juu ya mgongo, na kutoka hapo njia ilishuka moja kwa moja hadi barabara ya vumbi iendayo Igowole. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na miti ya misindano, safu kwa safu, na ukungu uliokaa humo mpaka saa nne asubuhi. Baba alibeba viazi, mbao na maharage ya watu kuvipeleka Mafinga. Mama alilima, alishona, na alikuwa na kipaji cha kupata joto mahali ambapo mwingine asingelitafuta.

Enzi za mama, baba alipotoka safari alishusha pikapu mpaka kwenye ukuta wa jiko, pua ikitazama nyumba, karibu igonge tofali. Mama alikuwa anangoja hapo na sweta langu la shule, lililofuliwa na kukataa kukauka, maana huko kwetu nguo zilikauka zikipenda zenyewe. Alilitandaza juu ya boneti. Injini ilikuwa bado ya moto, na sweta lilitoa mvuke. Aligeuza upande huu, akageuza upande ule, kisha akanivalisha likiwa la moto, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni na kunipiga kofi dogo mgongoni. "Haya, nenda ukamwonyeshe baridi," alikuwa akisema. Sijawahi kuvaa nguo nzuri kuliko hiyo, na nimeshavaa gauni la harusi.

Nilikuwa na miaka sita siku ambayo wanaume walikuja kusukuma gari. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, na nilikuwa nimeambiwa kwamba karibu ataenda hospitali kumchukua mtoto, nami nilidhani watoto wanagawiwa huko kwa foleni. Niliona baba anamtoa ndani amemfunika blanketi, anamweka kwenye gari, anageuza ufunguo. Gari likasema "tak." Akageuza tena. "Tak." Mama Zawadi, jirani yetu, akapiga yowe, wanaume wakaja wakikimbia kutoka shamba la Baba Zawadi, na kwa kuwa pikapu ilikuwa imetazama jiko, ilibidi waisukume kinyumenyume kupanda mgongo wa kilima, kwenye utelezi, hatua zote zile hamsini.

"Moja, mbili, sukuma!" walipiga kelele. Gari lilipanda hatua mbili, likarudi moja. "Moja, mbili, sukuma!"

Mimi nilisimama mlangoni nikipiga makofi. Naona haya kuliandika jambo hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikuwahi kuona watu wazima wengi namna ile wakiimba pamoja kwetu, na nilifikiri ni sherehe ya kumpokea mtoto. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na gari lilipofika juu, likageuzwa, likatokomea upande wa pili, nililishangilia. Walichelewa. Damu haikungoja. Mama hakurudi, na mtoto hakurudi.

Baada ya matanga baba alibadilika kwa jambo moja tu ambalo mtoto angeweza kuliona. Hakushusha tena gari nyumbani. Aliliegesha juu kabisa, kwenye ukingo wa mgongo wa kilima, pua ikitazama barabara, mkia ukitazama sisi. Aliweka jiwe moja mbele ya tairi la kushoto, akashuka kwa miguu kwenye mvua, begani amebeba kilichobaki. Sweta langu likawa linakaushwa juu ya moto wa jikoni, linanuka moshi, na darasani waliniita Nyama ya Kukausha.

Na asubuhi hakugeuza ufunguo mpaka mwisho kama madereva wengine, na hata alikokwenda aliegesha kwenye mteremko. Nilimtazama kila siku kutoka mlangoni, kikombe cha uji mkononi. Alipiga jiwe teke likatoka. Aliingia, akashusha hendibreki, na pikapu ikaanza kuondoka bila sauti yoyote, taratibu, kama mtu anayetoka ndani akiwa ameshika viatu mkononi. Ilipata kasi. Halafu aliingiza gia ya pili na kuachia klachi ghafla, gari zima likastuka, injini ikakohoa na kuwaka, na nyuma yake ukabaki moshi wa buluu na ile harufu. Wakati harufu inanifikia mlangoni, baba alikuwa ameshapotea kwenye ukungu.

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mtu aliyekuwa anaegesha gari likitazama nyumba, sasa analiegesha likitazama njia. Mtu aliyekuwa anaondoka kwa kelele, sasa anaondoka kimya. Mtu mwenyewe haongei. Nilikuwa nimeshaachwa na mmoja bila kuagwa. Nikajijibu mwenyewe kwamba baba naye amekichoka hiki kishimo, amenichoka na mimi, na siku moja jiwe litatoka na gari halitarudi. Kila jioni nilikaa kizingitini kusikiliza. Nilizijua sauti za magari yote ya barabara ile, nani ana ekzosi iliyotoboka, nani anapiga resi ovyo akipanda. La baba likisikika ndipo nilipopata hamu ya kula.

Kilichonithibitishia kabisa ni Jumamosi moja aliponichukua kwenda kwa fundi Kado. Baba alikuwa dereva wa kusifiwa, msidhani vinginevyo. Hakuegemea klachi, alisema mguu kwenye klachi ni mgeni, haukai. Hakuweka mkono juu ya gia kwa kupumzika. "Hiyo siyo fimbo ya uzeeni," alimwambia kijana mmoja aliyejaribu. Akishuka mlima mkali na mzigo hakukaa juu ya breki wala kuweka gari nyutro ili abane mafuta, kama wale wanaoteremka wakimwomba Mungu. Alishika gia ndogo na kuiacha injini ivute. Gari likiwa la baridi hakulikimbiza. Fundi Kado alimtoa kuwa mfano kwa madereva wengine wote. Ndiyo maana siku ile alikuwa na hasira kama mtu aliyesalitiwa.

"Kaka, mimi sikuelewi," alisema, ameshika plate iliyoungua. "Stata nimekufungia mpya. Betri nzima. Gari unaiheshimu kuliko watu wote hapa. Sasa hii ya kuisukumizia mteremkoni kila asubuhi ya nini? Unaipiga teke la tumbo! Unaua klachi, unaua gia boksi, unaua mauntingi za injini. Ni kugeuza funguo tu, kaka. Funguo tu!"

"Weka mpya, twende," alisema baba.

"Lakini kwa nini?"

Baba alitazama nje, kule barabarani. "Kado, weka mpya twende."

Nilikuwa nimekaa juu ya tairi, miguu inaning'inia. Kumbe gari linaweza kuwaka vizuri. Kumbe linaweza kulala hata chini kwenye jiko kama zamani. Anaweza, ila hataki.

Basi shangazi akaja. Dada yake baba anaishi Uyole, Mbeya, na hakuwahi kufika kwetu mikono mitupu. Safari hiyo alileta mchele wa Mbarali na ndizi, na maneno mengi zaidi ya mzigo. Nilikuwa jikoni nikichambua maharage, nao wako nje, kwenye benchi.

"Kaka, hapa umebakia na nani?" alimwuliza. "Kaburi na ukungu. Njoo Mbeya. Kuna tajiri namjua anatafuta dereva wa kuleta mchele kutoka Usangu. Mtu kama wewe atakupokea kwa mikono miwili."

"Na mtoto?"

"Mtoto mpeleke bweni. Kuna shule za masista, wanalea vizuri tu. Atalia wiki mbili, atazoea. Watoto wanazoea, kaka."

Nilingoja baba akatae. Niliacha maharage, nikazuia hata pumzi. Ng'ombe wa Baba Zawadi alilia mara mbili, kisha baba akasema, "Nitaangalia."

Mtu mzima akisema ataangalia, mtoto anajua kwamba jambo limeshapita. Kesho yake, Jumamosi, baba alimsindikiza shangazi kupanda basi, akarudi na kuegesha pale pale juu, pua barabarani. Alikwenda kwa Baba Zawadi kuchukua maziwa. Mvua ilikuwa inaanza, ile mvua yetu nyembamba isiyo na haraka. Mimi nikapanda mgongo wa kilima na kabari nne kifuani.

Kabari zilikuwa jambo la kawaida kwetu, kila nyumba ilikuwa nazo: vipande vya mbao vilivyochongwa ncha, vya kupasulia magogo. Mtu aliyelelewa kando ya misitu anajua kwamba kabari ikishaingia chini ya uzito, haitoki kwa kuvutwa. Uzito wenyewe ndio unaoishika. Nilipiga moja chini ya kila tairi, upande wa mbele, nikitumia jiwe, nikapiga mpaka mikono ikafa ganzi. Halafu nikazifunika kwa matope na nyasi, na lile jiwe lake nikaliacha mahali pake ili asishuku. Mvua ilinilowesha mpaka chupi. Niliporudi ndani nilikaa na nguo hizo hizo, kwa kuwa kubadilisha kungemfanya aulize nilikuwa wapi. Nilijisikia mshindi. Gari halitaenda Mbeya.

Jumapili baba hakuendesha; tulienda kanisani kwa miguu, mimi nikitetemeka. Jioni nilikataa chakula. Jumatatu kulipokucha nilikuwa nawaka moto, na kila nikivuta pumzi kitu kilinichoma ubavuni. Baba alimwita Mama Zawadi. Alipofika aliinua sweta langu, akatazama kifua, na sauti yake ikabadilika.

"Baba, huyu mtoto mbavu zinaingia ndani. Usimpikie dawa. Mpeleke hospitali, sasa hivi."

Baba alinifunga kwenye blanketi. Nililitambua, lilikuwa lile blanketi la mama. Alinibeba akapanda mgongo wa kilima akikimbia, na nilisikia moyo wake kwenye sikio langu. Aliniweka kwenye kiti, Mama Zawadi akaingia upande wa pili akaniegemeza. Baba akapiga jiwe teke, akaingia, akashusha hendibreki.

Gari halikwenda.

Alilitikisa kwa mwili wake. Halikwenda. Alitoka akasukuma kwa bega, ameshika usukani kupitia dirishani, na gari liliinama kidogo mbele, likazidi kukaa. "Matope," alisema, "ni matope tu." Mama Zawadi alishuka naye akasukuma, kisha akapiga yowe. Nikawasikia wanaume wanakuja kutoka kwa Baba Zawadi, miguu yao kwenye utelezi, na sauti ile ile.

"Moja, mbili, sukuma!"

Hapo ndipo nilipouona uso wa baba. Alikuwa upande wa pili wa kioo, maji ya mvua yanamtiririka, mdomo uko wazi, na macho hayakuwa yananitazama mimi. Yalikuwa yanatazama siku nyingine. Nilikuwa na miaka minane na homa, na bado nikaelewa. Siku ya mama hawakuwa wanaimba. Siku ile, mimi nikipiga makofi mlangoni, uso wake ulikuwa hivi.

"Baba," nilisema. Sauti haikutoka. Nikavuta pumzi, ikanichoma, nikasema tena. "Baba, ni mimi. Nimeweka kabari."

Wanaume waliacha kusukuma. Baba alipiga magoti kwenye matope, akafukua kwa vidole mbele ya tairi, akaikuta.

"Shetani gani huyu!" alisema Mama Zawadi.

"Nyamaza, Mama Zawadi," alisema baba. Aliivuta kabari, haikutoka. Aliivuta kwa mikono miwili. Alijua kama nilivyojua kwamba haiwezi kutoka mpaka uzito uondoke, na uzito hauondoki mpaka gari lirudi nyuma, kupanda, na kulisukuma kwenye utelezi ule kungechukua muda ambao aliwahi kuupima. Ilikuwa imebaki njia moja. Aliingia, akafunga mlango, akashika ufunguo.

Akakaa nao. Hakuugeuza kwanza. Baba yangu hakuwa mtu wa kusali hadharani, lakini nilimsikia.

"Usiseme tak," alisema. "Nakuomba. Usiseme tak."

Akageuza. Gari likawaka papo hapo, kwa sauti laini, bila kukohoa, kama lilikuwa linangoja kuombwa tangu zamani. Baba aliweka kipaji cha uso kwenye usukani na kulia kwa sauti, mbele ya wanaume wote wale. Kisha akaingiza gia ya nyuma, gari likarudi hatua moja, Baba Zawadi akachomoa kabari zote nne, tukaondoka.

Tulifika barabara kubwa. Mama Zawadi alikuwa amenilaza mapajani, akinifuta jasho na kitenge.

"Kwa nini, mama?" aliniuliza baba. Aliniita mama kila alipokuwa mpole. "Kwa nini uliweka kabari?"

"Ili usiende Mbeya."

"Nani kakwambia naenda Mbeya?"

"Shangazi. Na gari."

"Gari?"

"Linatazama barabara siku zote. Halitutazami sisi."

Alibadilisha gia. Tulipita mabonde mawili ya chai.

"Siku ya mama yako lilikuwa linatazama nyumba," alisema. "Nikaapa, mtoto huyu akiwa ndani, halitatazama nyumba tena. Likae tayari. Hata likigoma, mteremko haugomi."

Hilo ndilo alilosema, na nadhani hakuwahi kulisema kwa mtu mwingine. Miaka miwili nilikuwa nimelala nikiamini gari lile limeelekezwa mbali nami, kumbe ndilo lililokuwa likinilinda. Na mimi nililifunga kwa mikono yangu.

Nilipona. Nilichomwa sindano nyingi mpaka kukaa kukawa taabu. Tuliporudi nyumbani nilidhani sasa gari litashuka mpaka kwenye jiko, maana stata ilikuwa imejitetea mbele ya mashahidi. Baba aliliegesha juu, pua barabarani.

"Lakini baba, linawaka."

"Linawaka," alikubali. "Siku ile pia, asubuhi liliwaka."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huwezi kumponya kwa kumwonyesha kwamba ni ung'ongo tu, maana anauona. Aliendelea kuipiga pikapu yake teke la tumbo kila asubuhi, fundi Kado akaendelea kumlaani na kumfungia plate mpya. Mimi nikapewa kazi ya jiwe. Jioni nililiweka, asubuhi nililitoa. "Jiwe moja," alinikumbusha kila mara, na hapo nilimwona akitabasamu.

Kwenda Mbeya hakwenda. Nilikwenda mimi. Nilisoma, nikaolewa, nikafungua duka la pembejeo Uyole, nusu saa kwa miguu kutoka kwa shangazi yule yule, na nikawa mtu wa kusema nitakuja mwezi ujao. Yeye alibaki kwenye kishimo, nyumba ya vyumba vitatu na mtu mmoja. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimtania. "Baba, sasa linatazama barabara kwa ajili ya nani? Hakuna mtoto humu."

"Wewe unaishi wapi?" aliniuliza.

"Mbeya."

"Na barabara hii inaenda wapi?"

Nilicheka. Nilikuwa na haraka ya basi. Mwezi ujao haukufika. Mama Zawadi ndiye aliyemkuta asubuhi, kitandani, amelala upande wa ukuta kama kawaida yake, amepoa. Hakumwita mtu, hakupiga simu. Gari lilikuwa pale juu, jiwe moja mbele ya tairi, tayari kabisa kumpeleka mtu mwingine yeyote.

Fundi Kado alimaliza saa tisa. Alirudisha stata mahali pake, akafunga, akanawa mikono kwa petroli. "Usiisukumize tena, dada," alisema. "Nimechoka na hiyo kazi. Geuza funguo tu."

Niligeuza ufunguo tu. Liliwaka bila ubishi. Nikaendesha mpaka kwetu, na juu ya mgongo wa kilima mguu wenyewe ukaenda kwenye breki, mkono wenyewe ukaanza kutafuta jiwe. Halafu nikaachia, nikashuka hatua zile hamsini, mpaka kwenye ukuta wa jiko, pua karibu igonge tofali, mahali ambapo gari hilo halikuwa limefika kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nikazima. Jiko lilikuwa baridi, mlango umefungwa, na ukungu ulikuwa umeshavuka barabara unakuja. Nilikuwa nimelowana mabegani kwa manyunyu yaliyoingia dirishani. Nikavua sweta, nikalitandaza juu ya boneti, nikaligeuza upande huu, nikaligeuza upande ule, mpaka likatoa mvuke. Nililivaa likiwa la moto, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikasimama kungoja lile kofi dogo mgongoni.